Siku 11 nyuma ya mbegu za doriani: Lubumbashi mpaka Unguja na kurudi

Niseme kwanza mimi nina pepinyera ndogo hapa Lubumbashi, njia ya Kipushi, nauza miche ya avokado, maembe ya grefe (ya kuunganishwa), machungwa, vile vitu watu wanapanda nyuma ya nyumba. Mwaka jana rafiki yangu mmoja alirudi Guangzhou kwa komersa akanionyesha video kwenye simu, watu wamejaa dukani wanagombania tunda lenye miiba kama nungunungu, akasema hilo linanuka mpaka teksi zinakataa kulibeba lakini Wachina wanalitolea pesa kama wamerogwa. Nikaenda kusoma, kumbe mwaka 2023 peke yake China iliingiza zaidi ya tani milioni 1.4. Milioni! Nikasema mimi nauza miche ya avokado ya dola mbili nafanya nini.

Rafiki akasema Afrika halipo. Lakini dereva mmoja wa lori, Mtanzania, alikuwa anasubiri gari yake itengenezwe karibu na kwangu, akacheka, "Mbona Unguja yapo tele, tunaita doriani." Basi njo hapo safari ilizaliwa.

Kijana mmoja aliyesoma agronomi hapa mjini alinionya mapema. Mbegu ya doriani siyo mahindi, huwezi kuikausha ukaiweka kwenye chupa ukangoja mvua. Ikikauka imekufa, ikipata baridi ya friji imekufa, ukiitoa kwenye nyama ya tunda una kama wiki moja hivi, ukijua kuitunza unasogea kidogo. Na kutoka Unguja mpaka hapa kwa barabara piga hesabu mwenyewe.

Siku ya 1

Nimepanda basi na mama mudogo wangu, yeye anaenda Kariakoo kuchukua vitenge na nguo za watoto, ameshafanya hii njia mara nyingi kuliko vidole vyangu na vyake. Alfajiri tumetoka, Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu lakini hapo mpakani na Zambia ndipo siku inaliwa. Foleni ya malori ya shaba haina mwisho. Mama mudogo amekaa juu ya furushi lake anakula masuku, matunda ya msituni, anatema mbegu chini, ananiangalia.

"Weye mutoto, mbali yote hiyi juu ya mbegu?"

Nikamwambia mbegu zake pia anazitema hapo wakati watu wa vitabu wanaziita mali. Akasema watu wa vitabu hawajawahi kulala Kasumbalesa.

Jioni Kapiri Mposhi. Zambia basi za abiria hazitembei usiku kucha, tukalala ndani ya basi, miguu imevimba.

Siku ya 2

Barabara, barabara, Serenje, Mpika, miti, watu wanauza uyoga mkubwa kama mwamvuli pembeni ya lami. Nakonde usiku. Sina cha kusema kuhusu siku ya 2.

Siku ya 3

Kuvuka Tunduma saa inaruka moja mbele, na simu yangu haikushika netiweki ya Tanzania, ikabaki na saa ya kwetu. Konda alisema tunaondoka saa mbili, mimi nikaenda kunywa chai na maandazi kwa raha zangu, narudi naona basi linageuza. Nilikimbia bana! Mama mudogo alikuwa amesimama mlangoni amezuia mlango kwa mwili wake mzima anapiga kelele kwa Kiswahili cha Lubumbashi na konda hamuelewi, njo kitu kiliniokoa.

Ukishapita Iringa unashuka milima ya Kitonga, kona juu ya kona, halafu chini bondeni inaanza mibuyu. Mibuyu mingi ajabu, minene, haina majani mengi, kama imepandwa kichwa chini. Nikamuonyesha mama mudogo nikamwambia ile ni ndugu ya doriani. Hakuamini na mimi mwenyewe mwanzo sikuamini. Lakini njo hivyo, ni ukoo mmoja mkubwa, mbuyu umo, pamba imo, gombo tunayopika imo (Watanzania wanaiita bamia), ngaingai (rozela) imo, kakao imo, hata kola. Mbuyu nao maua yake yanafunguka usiku na popo ndiyo wanakuja kuyanyonya, sawasawa na doriani. Mama mudogo akafikiria kidogo akasema, "Basi gombo njo mutoto wa mwisho, juu yeye iko mufupi." Sikuwa na jibu.

Dar tuliingia usiku, joto la kule unalivaa kama koti.

Siku ya 4

Kariakoo na mama mudogo asubuhi, kubeba mizigo yake, ile ndiyo nauli yangu. Mchana boti, kama saa mbili baharini, nilitapika mara moja tu. Bandarini wanaangalia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ukitoka Congo usiisahau nyumbani.

Siku ya 5

Soko la Darajani. Hauulizi doriani ziko wapi, unafuata pua. Mimi nilikuwa nimesoma sana habari ya harufu, wengine wanasema vitunguu vilivyooza, wengine gesi ya jikoni, wengine choo. Kwangu ilikuja moja kwa moja makayabu, samaki wetu wa chumvi. Makayabu yaliyolowekwa toka jana kwenye beseni, halafu mtu amemwagia asali juu. Na mtu wa Lubumbashi anayekula makayabu na kulamba vidole hana haki ya kukunja pua mbele ya doriani, huo ni msimamo wangu.

Muuzaji alikuwa kijana, anashika tunda kwa gunia lililokunjwa, maana miiba inachoma kweli. Jina lenyewe linatoka Kimalei, duri ni mwiba. Anatafuta mistari mitano ambayo haionekani vizuri, anachomeka kisu hapo, anapindua, tunda linapasuka vyumba vitano kama kabati. Ndani nyama ya manjano imekaa kama mtoto amefunikwa kitandani. Shilingi 15,000 moja, nikanunua mbili, pengine aliniona mgeni.

Utamu wake nitausema hivi: avokado iliyoiva sana, umesaga na maziwa ya mkebe, halafu nyuma kabisa kunabaki kitunguu. La kwanza nililazimisha. La pili nilitafuta.

Nikapata mbegu 11, hudhurungi, zinang'aa, ukubwa wa dole gumba. Nikazirudisha nyumba ya wageni, mwenye nyumba akanusa mlangoni tu akasema tunda hilo humu haliingii, nikamwambia ni mbegu tu nimeziosha, akakubali shingo upande. Nikaziweka kwenye sahani chini ya kitanda nikaenda kutembea Forodhani. Narudi, hakuna. Mtoto wa usafi kaona takataka zinazonuka kazitupa, na gari la taka limeshapita. 11 zote. Nililala bila kula.

Siku ya 6

Hii ndiyo siku yenyewe.

Nimechukua daladala kwenda shamba, upande wa Kizimbani, kule kwenye mikarafuu na viungo. Mtu wa sokoni alikuwa amenielekeza kwa mzee mmoja mwenye miti minne. Nimefika nikamwambia "Jambo papa," kama kwetu, akanitazama kidogo, mjukuu wake pembeni akaninong'oneza, "Sema shikamoo." Nikasema shikamoo. "Marahaba mjukuu wangu, unatoka wapi?" Nikasema Congo, Lubumbashi, akauliza ndiko kwenye shaba, nikasema ndiko.

Akanipeleka mtini. Sikutegemea urefu ule! Picha za intaneti zinaonyesha tunda tu. Mti umenyooka kwenda juu, mzee anasema ulikuwepo yeye akiwa mtoto, shina huwezi kulikumbatia, matunda yananing'inia kwenye matawi manene, siyo kwenye ncha kama embe. Nikaokota jani moja chini. Juu kijani cha kawaida. Nikaligeuza. Aisee, chini linang'aa, rangi ya shaba iliyosuguliwa, kama waya mpya wa umeme, ukipitisha kidole ni laini na ukilisogeza juani linawaka. Nimezaliwa kwenye mji wa shaba, mkoa wetu mzima uliwahi kuitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997, halafu naikuta shaba mgongoni mwa jani Unguja. Nikaliweka ndani ya pasipoti.

Mzee akanivuta mkono, "Usisimame hapo." Doriani haichumwi, inangojwa ianguke yenyewe, na mara nyingi inaanguka usiku. Tunda la kilo mbili lenye miiba kutoka urefu wa nyumba ya ghorofa nne, hebu fikiria kichwa chako. Kwa hiyo msimu ukiingia hakuna mtoto anayecheza chini, mzee anaokota baada ya sala ya alfajiri. Nimesoma Malaysia nao wanangoja hivyohivyo, ila Thailand wanakata bado liko juu ndiyo maana linasafiri mbali bila kupasuka.

Nikamuuliza habari ya popo. Akasema maua yanafunguka jioni, kwenye matawi yale makubwa, mashada kwa mashada, meupe-meupe, yananuka kama maziwa yaliyochacha, usiku popo wanafika na asubuhi chini pote ni petali zimeanguka. Kule Asia wanaofanya kazi hiyo hasa ni popo wanaolala mapangoni, wanaruka usiku kilomita nyingi kutafuta maua. Kuna aina nyingine za doriani huko Borneo zenye maua mekundu, hizo wanazifuata ndege mchana. Maana doriani siyo aina moja, ziko kama 30, Borneo ndiyo nyumbani kwao, zinazoliwa hazizidi kumi hivi, na kuna moja inazaa chini kabisa kwenye kitako cha shina mpaka Wamalei wameiita doriani ya kobe. Ile inayouzwa duniani na iliyofika Unguja ni moja tu.

Mzee alikuwa na hadithi ya jirani yake ambaye alipanda mti mmoja tu. Kila mwaka unachanua, kila mwaka matunda mawili matatu, akauita mti wa uchawi akataka kuukata. Siyo uchawi, miti mingi ya doriani haikubali unga wa maua yake yenyewe, inataka wa mti mwingine. Nikaandika hiyo kwenye simu kwa herufi kubwa: USIPANDE MMOJA.

Akanipa matunda matatu ya alfajiri ile, akakataa hela ya moja. Tulikula pamoja na wajukuu wake, mkono kwa mkono, na zikatoka mbegu 26. Nne nyembamba kama karatasi, tukazitupa. 22. Tukaziosha mpaka utelezi wote ukaisha, maana nyama ikibaki inaleta ukungu, lakini hatukuzianika. Mke wake, bibi mmoja mcheshi sana, akaleta usumba wa nazi, akaulowesha akaukamua mpaka haudondoki tena, akapanga mbegu moja moja kama anapanga mayai, akafunga kwenye mfuko nikautoboa matundu. "Usizipeleke juani, usizipeleke baridini, na usizikalie," akasema. Zingine wao huzichemsha wanakula kama njugu, mbichi haziliwi.

Toka hapo nikaanza kuhesabu masaa.

Siku ya 7

Nilitaka kufanya mambo kwa haki, mbegu kuvuka mipaka inataka cheti cha afya ya mimea, na mimi nauza miche, siwezi kuwa mtu wa kuleta magonjwa. Nikaenda ofisini asubuhi. Mwenye sahihi hayupo. Atarudi mchana. Mchana yupo lakini mwenye muhuri hayupo. Nimekaa kwenye benchi na mfuko wangu mapajani kama mama kliniki, kila saa nafungua nanusa. Saa za kufunga zikafika. Kesho.

Siku nzima. Mbegu yenye maisha ya wiki moja imekaa siku nzima kwenye benchi!

Siku ya 8

Cheti nimepata saa nne asubuhi, dakika tano tu, watu wapole, wameangalia mbegu moja moja wakagonga muhuri. Boti ya mchana. Nilikuwa nimebeba na kijikopo cha nyama ya doriani nimekifunga plastiki tatu, zawadi ya mama mudogo. Nimemkuta kituo cha basi Dar juu ya mafurushi yake, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho.

"Eeh?"

"Makayabu ya sukari," akasema, akanirudishia kopo. Nimekwambia ni makayabu, siyo mimi peke yangu.

Kopo hilo lilipanda basi kwa makosa yangu. Karibu na Chalinze abiria wakaanza kuulizana kama gesi inavuja, dereva akasimamisha gari akakagua injini, mimi kimya. Mama mudogo ndiye aliyenichoma, "Ni huyu mutoto yangu, ana tunda." Kopo likabaki porini, na mimi nikaitwa Bwana Gesi mpaka Tunduma.

Siku ya 9

Tunduma mchana. Afisa alifungua mfuko, akanusa, akasoma cheti mbele na nyuma, akauliza hizi zinatibu nini. Nikasema hazitibu, zinaliwa. Akanihurumia akaniacha nipite. Upande wa pili wakasoma tena, wakauliza tena.

Usiku Nakonde nikafungua usumba kwa tochi ya simu. Tatu zimeota ukungu mweupe, ukibonyeza zinaingia kama ndizi, nikazitoa. 19. Halafu moja pale pembeni naona imepasuka kidogo kwenye kitovu chake, na ndani kuna kitu cheupe, kidogo kama ncha ya njiti ya kiberiti. Mzizi. Siku ya tatu tu toka ndani ya tunda, iko ndani ya mfuko wa plastiki Nakonde, inaanza kutafuta udongo. Nikamuamsha mama mudogo. Akaangalia muda mrefu, akasema niifunike itapata baridi.

Siku ya 10

Isoka, Mpika, Serenje. Mashimo ya barabara, kila shimo nainua mfuko mikononi. Abiria wa pembeni akadhani nimebeba kioo.

Siku ya 11

Kasumbalesa tena, na safari hii sikungoja mama mudogo amalize duane (forodha) ya vitenge, alinifukuza mwenyewe, "Enda, enda na bitoto byako." Nimefika nyumbani saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, nzuri kabisa. Mifuko ya udongo nilikuwa nimeiacha tayari kabla ya kusafiri. 9 zilikuwa na mizizi, mbili mizizi imevunjika kwa mashimo ya Zambia. Nimezipanda zote 19 hata hivyo, nimezilaza ubavu, udongo kidogo juu, kivuli, plastiki juu ya kivuli.

Sasa ukweli ambao nilikuwa naujua toka mwanzo. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, mvua inakatika karibu nusu mwaka, na mwezi wa 6 na wa 7 usiku unavaa kofia ndani ya nyumba. Doriani inataka joto na maji mwaka mzima. Hapa nje haitaona mwaka wa pili, na yule kijana wa agronomi aliniambia hivyo bila kunionea aibu. Mpango wangu ni kuzilea chini ya plastiki mpaka zishike nguvu, kabla ya baridi ziende kwa mjomba wangu Kisangani, kule joto liko na mvua hailali, yeye ana shamba nyuma ya nyumba na hana haraka. Mti wa mbegu unaweza kuchukua miaka 7 mpaka 10 kuzaa. Nilipomwambia hivyo kwenye simu akauliza kama hakuna ya kugrefa inayozaa haraka. Ipo, anko. Nenda Thailand.

Wiki tatu baadaye

Panya alikula mbili. Kumi hazikutoka kabisa, nimefukua naona zimekuwa uji. Zilizosimama ni 7. Zinatoka kwa namna ya ajabu, shina linajikunja kama mtu anainua gunia, linanyanyua mbegu nzima juu ya udongo, halafu siku moja mbegu inadondoka pembeni kama kofia na majani yanabaki.

Mama mudogo alipita jana na vitenge vyake, akazihesabu kwa kidole, 7, akauliza zipi ni za Kisangani. Nikasema zote. Akachagua moja, akasema hiyi hapana, hiyi inabaki, atakuja na blangeti mwezi wa 6.

Lile jani la kwenye pasipoti limekauka. Bado ni shaba.